Aliyebebeshwa unga mara ya kwanza: Korti na imsikie daktari kabla ya kumfunga

UKIFUATILIA habari za mahakamani katika magazeti yetu, msomaji, bila shaka umeyazoea maneno haya: mshtakiwa hajawahi kukosa, ana mama mgonjwa na mtoto mchanga, anaiomba mahakama imhurumie. Maneno hayo huwekwa mwishoni kabisa, baada ya gramu kutajwa na thamani ya unga kukadiriwa. Wengi wetu hatufiki huko. Tumekwisha kuguna, tukasema na afungwe, tukafunua ukurasa wa michezo.

Leo nakuomba usimame kidogo kwenye mstari huo wa mwisho. Sikuombi umwonee huruma mtu huyo, ingawa huruma nayo si dhambi. Nakuomba uitazame hukumu yake kama unavyotazama cheti cha daktari. Kwa mtu anayetumia heroini, miaka anayopewa na mahali anapopelekwa ni kama dozi. Huenda ikamponya, huenda ikamwua, na huko nyumbani atakakorudi wapo watakaougua pamoja naye.

Nitazungumzia Kwale. Ukishuka feri pale Likoni ukashika barabara ya Lunga Lunga, utapita Kombani, Ukunda, Msambweni na Ramisi hadi ufike mpaka wa Tanzania. Mkono wako wa kushoto bahari haiko mbali: Tiwi, Diani, Gazi, Shimoni, Vanga. Ni pwani yenye vibandari vingi vya kienyeji ambamo mashua huingia na kutoka usiku pasipo wa kuuliza. Pale Diani zimejengwa hoteli za watalii, na penye watalii pana pesa za haraka. Heroini ilipoingia Pwani katika miaka ya 1980, ilizifuata pesa hizo. Mwanzoni ulikuwa unga wa rangi ya kahawia uliovutwa kwa moshi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 ukaja mweupe, na hapo ndipo vijana wakazoea sindano.

Unga huo haulimwi Msambweni wala Shimba Hills. Kasumba hulimwa Afghanistan, heroini ikapitishwa pwani ya Makran huko Iran na Pakistan, ikapakiwa majahazini na kuletwa kusini hadi kwetu. Aprili 2014 manowari ya Australia iitwayo HMAS Darwin ilinasa jahazi nje ya pwani ya Kenya likiwa na kilo 1,032 za heroini. Ndiyo, zaidi ya tani nzima! Agosti mwaka huohuo serikali ya Kenya ililipua baharini meli iliyokutwa na kilo zaidi ya 300. Sasa sikiliza jambo la ajabu. Katika operesheni hizo za bahari kuu, desturi ni kwamba unga huharibiwa na mabaharia huachwa waende zao, kwa kuwa manowari zenyewe hazina mamlaka ya kuwashtaki.

Kwa hivyo tani inaweza kupita bila mtu kuwekwa kizimbani. Anayewekwa kizimbani ni yule wa mwisho kabisa, aliyebeba kibahasha kutoka Ukunda kwenda Msambweni.

Ni nani huyo? Mara nyingine ni mfanyabiashara mdogo anayejua hasa anachokifanya, asiyetumia unga hata kidogo, na huyo sina haja ya kumtetea. Mara nyingine ni kijana wa bodaboda aliyeambiwa "peleka huu mzigo, utapewa mia tano", akachagua kutouliza. Lakini mara nyingi mno ni teja. Anabeba kete ishirini za mwenye mali ili apewe mbili za kwake. Hana mshahara, hana hisa katika biashara hiyo, na ujira wake ni kule kutoamka na arosto kesho asubuhi.

Kama hujawahi kuona mtu mwenye arosto, shukuru. Saa chache baada ya heroini kwisha mwilini, pua huanza kumtiririka, machozi humtoka, mifupa humuuma kana kwamba amepigwa rungu, anatapika, anaharisha, hapati usingizi. Hali hiyo huzidi siku ya pili na ya tatu. Kwa kawaida arosto haiui, lakini aliyemo ndani yake huamini kwamba anakufa. Mtu wa namna hiyo ukimwambia kuna sheria ya miaka thelathini atakujibu kwamba yeye anafikiria saa moja ijayo. Hapa ndipo hoja ya kwamba adhabu kali hutisha inapoanza kupwaya. Adhabu humtisha mwenye nafasi ya kupiga hesabu.

Tuiangalie sheria yenyewe. Sheria ya Kudhibiti Dawa za Kulevya ya mwaka 1994 inalipa neno ulanguzi maana pana sana: kuingiza nchini, kutoa nje, kununua, kuuza, kuhifadhi, kusafirisha, kupeleka, hata kumpa tu mwenzako. Adhabu yake ilikuwa faini ya Sh1 milioni au mara tatu ya thamani ya dawa, kutegemea ipi ni kubwa, na juu ya faini hiyo kifungo cha maisha. Kwa miaka mingi mahakimu waliisoma kana kwamba imewafunga mikono. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaeleza kwamba kifungo cha maisha katika kifungu hicho ni kikomo cha juu tu, na hakimu ana uhuru wa kutoa kifungo pungufu baada ya kuangalia kesi iliyo mbele yake.

Mwaka 2022 Bunge likaibadilisha sheria hiyo. Mlanguzi wa gramu 1 hadi 100 akawekewa faini isiyopungua Sh30 milioni, au kifungo cha miaka 30, au vyote viwili. Kwa zaidi ya gramu 100, faini isiyopungua Sh50 milioni au mara tatu ya thamani ya dawa, au miaka 50, au vyote. Ni kweli kwamba maisha yamegeuzwa kuwa miaka ya kuhesabika, na aliyekosa kabla ya mabadiliko hayo anaweza kudai adhabu iliyo nafuu kwa mujibu wa Kifungu cha 50 cha Katiba. Hata hivyo, wa gramu mbili na wa gramu tisini na tisa wametiwa katika kapu moja. Na hiyo faini ya milioni thelathini, niambie, ni mvuvi gani wa Shimoni aliyewahi kuziona? Faini kama hiyo ni mlango ulioachwa wazi kwa tajiri peke yake.

Linganisha na hili. Ndugu wawili wa Mombasa, Baktash na Ibrahim Akasha, walipelekwa Marekani Januari 2017, wakakiri mashtaka ya njama ya kuingiza heroini na dawa nyingine nchini humo. Korti ya New York ilimhukumu Baktash miaka 25 mnamo Agosti 2019, na Ibrahim miaka 23 mnamo Januari 2020. Hao ni watu waliotajwa kortini kuwa vichwa vya mtandao mzima. Kisha chukua karatasi na kalamu uandike kando yake ile miaka 30 inayoweza kumfika aliyebeba gramu mbili ili apate ya kuvuta.

Najua utaniuliza afya inaingilia wapi. Inaingilia tumboni kwanza. Wapo wanaobebeshwa kwa kumeza: vifuko vilivyofungwa kwa mpira, kila kimoja chenye gramu kadhaa, wakati mwingine kwa makumi. Kimoja kikipasuka, heroini huingia kwenye damu kwa wingi na pumzi hupungua hadi ikakoma. Ipo dawa ya kuiondoa nguvu, iitwayo naloksoni, ambayo ikitolewa mapema huokoa maisha. Kikiwa cha kokeni, hakuna dawa ya namna hiyo, na mara nyingi tegemeo ni kisu cha daktari wa upasuaji. Vikikwama, utumbo huziba. Sasa mtu huyu akishikwa na maumivu usiku wa manane, ataenda Hospitali ya Msambweni aseme amemeza nini, hali anajua kwamba nje ya wodi kuna askari na miaka hamsini? Wengi huuma meno wakanyamaza. Ukiwa naye, msomaji, mpeleke na useme kweli kwa daktari. Kesi husikizwa na mtu aliye hai.

Halafu kuna jela. Watu hudhani teja akifungwa amepona, kwa kuwa hapati tena. Mwili wake hakika hupumzika. Lakini kupumzika huko kuna hatari ambayo jamaa wengi hawaijui. Kabla ya kufungwa, mwili ulikuwa umezoea kipimo kikubwa. Miezi ikipita bila unga, mazoea hayo hutoweka, ila hamu haitoweki. Siku anapofunguliwa hukutana na rafiki maskani, naye akarudia kipimo chake cha zamani. Kipimo kilichokuwa chake sasa kinamzidi nguvu. Hukutwa amekufa na bomba la sindano lingali mkononi, na jirani husema amerogwa au ameamua kujiua.

Hili limepimwa. Utafiti wa jimbo la Washington, Marekani, uliochapishwa mwaka 2007, uliwafuatilia watu zaidi ya 30,000 waliotoka jela. Katika wiki mbili za kwanza hatari yao ya kufa ilizidi ya wananchi wengine kwa karibu mara 13, na hatari ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129. Kwa upande mwingine, uchunguzi wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2017 uliona kwamba wafungwa waliotoka jela huku wakiendelea na dawa kama methadoni walipungukiwa na vifo kwa takriban robo tatu katika wiki nne za kwanza, ukilinganisha na waliotoka bila dawa hiyo.

Methadoni si jambo geni kwetu. Ni dawa ya kunywa, hutolewa mara moja kwa siku mbele ya muuguzi, hukaa mwilini saa ishirini na nne na zaidi, na huondoa arosto bila kumlewesha mgonjwa aliyepimiwa sawasawa. Ilianza kutolewa Mathari, Nairobi, mwezi Desemba 2014, ikafuata Malindi mwaka 2015. Kisha kliniki zikafunguliwa Kisauni na hapo Kombani, kwenye njia panda ya kwenda Kwale mjini. Shimo la Tewa nako wafungwa wakaanza kupewa ndani ya kuta za jela. Kwa hiyo dawa ipo njiani kabisa, kati ya Ukunda na korti ya Kwale. Linalokosekana ni mtu wa kumwambia hakimu kwamba anayemtazama kizimbani ni mgonjwa wa aina gani.

Umuhimu wake hauishii kwa mgonjwa mwenyewe. Takwimu zilizotumiwa kwa miaka mingi katika mipango ya afya nchini zinaonyesha kwamba watu 18 hivi katika kila 100 wanaojidunga dawa wana virusi vya Ukimwi, zaidi ya mara tatu ya kiwango cha watu wazima kwa jumla. Ongeza homa ya ini aina ya C, ambayo huenezwa upesi kwa kubadilishana sindano. Ongeza kifua kikuu, ugonjwa unaopenda vyumba vilivyosongamana, na hakuna asiyejua jinsi selo zetu zilivyosongamana. Mfungwa ana mke, ana watoto, ana wenzake wa selo, na iko siku atatoka.

Mwishoni mwa 2010 Pwani yetu ilipata funzo. Msako mkali ulifanya unga uadimike kwa miezi kadhaa hadi mwanzoni mwa 2011. Wengi walifurahi. Kumbe mamia ya mateja waliingia arosto kwa wakati mmoja, huduma za tiba zikawa hazitoshi, na baadhi yao wakageukia vidonge na pombe. Walanguzi walisubiri, na shehena zilipopatikana tena wateja walikuwa palepale.

Wapo watakaonikasirikia, nami nawaelewa. Mzazi wa Mwabungo aliyemzika mwanawe hataki kusikia habari za ripoti. Anamjua kijana aliyemuuzia mwanawe kete ya mwisho, na huenda kijana huyo naye hakuwa na rekodi yoyote ya uhalifu. Kumwambia mzazi huyo kwamba muuzaji ni mgonjwa ni kama kumtonesha kidonda. Sisemi aachiliwe. Nasema ukimfunga miaka thelathini bila tiba, mwenye mali atapata mwingine wa kubeba kabla jua halijatua, maana mateja ni wengi na ujira wao ni kete mbili. Anayestahili kubanwa ni yule asiyeguswa na arosto, anayepiga simu na kuhesabu pesa. Kumpata huyo kunahitaji upelelezi, na upelelezi ni kazi ngumu kuliko kumkamata kijana stendi ya Ukunda.

Pia tuwe wakweli kidogo. Machi 2025 korti ya Vietnam ilipomhukumu kifo mwanamke Mkenya aliyekamatwa uwanja wa ndege na kilo zaidi ya mbili za kokeni, nchi nzima ilishtuka. Tulisema ni msichana maskini aliyetumiwa, tukataka serikali imwombee msamaha, na serikali ikaomba. Tulifanya vyema. Lakini wangapi kati yetu tulikumbuka kuuliza habari za msichana kama huyo aliyeko jela ya wanawake ya Shimo la Tewa, aliyetumiwa vivyo hivyo na kwa gramu chache zaidi? Inaonekana huruma yetu hupenda kusafiri kwa ndege.

Nchi nyingine zimejaribu njia ya kutenganisha wakosaji. Uingereza tangu 2012 hakimu hutakiwa aangalie si uzito peke yake bali pia nafasi ya mtu katika biashara: kiongozi, mshiriki mkubwa, au mbebaji wa kutumwa. Ekuador mwaka 2008 iliwasamehe wabebaji waliokamatwa na kisichozidi kilo mbili, mradi lilikuwa kosa lao la kwanza na wamekwisha kutumikia sehemu ya kifungo. Sisi tuna miongozo ya hukumu iliyotolewa na Idara ya Mahakama mwaka 2016 na kurekebishwa 2023. Ile ya 2016 ilitaja malengo sita ya adhabu, na kumrekebisha mkosaji ni mojawapo, sawa na kumtisha. Mahakama ya Juu nayo, katika uamuzi wake wa Desemba 2017 kuhusu hukumu ya lazima ya kifo kwa wauaji, iliorodhesha mambo ya kuzingatiwa wakati wa kuhukumu upya, yakiwemo kwamba mtu hajawahi kukosa na kwamba anaweza kurekebika. Ikiwa muuaji huangaliwa hivyo, mbeba kete hana kosa gani la kuangaliwa?

Ninachopendekeza ni kidogo na hakihitaji sheria mpya. Hakimu anapomtia hatiani mtu wa mara ya kwanza, huwa ana uwezo wa kuagiza ripoti ya afisa wa probesheni kabla ya hukumu. Aagize na ya daktari papo hapo. Ripoti hiyo iseme: anatumia unga au hatumii? Kwa muda gani? Anajidunga? Amepimwa Ukimwi, homa ya ini na kifua kikuu? Anafaa methadoni? Daktari ataweza kumtambua teja kwa kumchunguza na kumpima mkojo, na ataweza pia kumtambua mjanja anayejifanya teja ili apunguziwe. Tapeli atafichuka, na hilo ni faida kwa upande wa mashtaka.

Ripoti ikionyesha kwamba ni mgonjwa aliyebebeshwa gramu chache, hakimu apunguze miaka kwa kadiri sheria inavyomruhusu, amri itaje tiba waziwazi, na mfungwa apelekwe mahali penye methadoni badala ya gereza lolote lenye nafasi. Ile sheria ya 1994 yenyewe ilitaja vituo vya kutibu na kurekebisha waraibu, kwa hiyo wazo hili si la kuazima ugenini. Na kabla ya siku ya kutoka, kliniki ya Kombani iwe imekwisha kuandikiwa barua, ili asubuhi ya pili mtu huyo awe kwenye foleni ya muuguzi na si maskani.

Kama una ndugu anayesubiri hukumu sasa hivi, usingoje mfumo ubadilike. Ikiwa alikuwa akihudhuria kliniki, tafuta kadi yake na barua ya kliniki umpe wakili kabla ya siku ya hukumu. Ikiwa hana wakili, mshtakiwa mwenyewe ana haki ya kuinua mkono akasema mimi ni mgonjwa, naomba nipimwe. Aseme pia amekaa rumande siku ngapi, kwa kuwa kifungu cha 333 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinamtaka hakimu azihesabu. Na rufani ina siku 14 tu, kuanzia siku hukumu ilipotolewa.